Stuli ya tairi kipara na kamba ya katani: mwongozo kamili kwa wale ambao kamba inawabanduka

Kila wiki napokea picha ileile. Tairi nyeusi, kamba imezungushwa vizuri kabisa siku ya kwanza, af wiki mbili baadae kamba imelegea pembeni, imeshuka chini, na katikati pameinuka. Na swali ni lilelile: "nizungushe vipi isibanduke?"

Jibu langu ni kwamba kuzungusha hakuna shida, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuzungusha. Stuli inaharibika kabla hujagusa kamba, inaharibika kwenye kuosha tairi, kwenye aina ya kamba uliyouziwa na kwenye zile dakika 10 ambazo hukusubiri gundi ikauke. Kwa hiyo usiruke hatua za mwanzo hata kama zinaboa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tairi 1 ya gari dogo, rimu 13 au 14, kipara
- Plaiwudi ya milimita 18, ya kutosha kukata duara 2
- Vipande 3 vya mbao ya inchi 2 kwa 2 (hata mabaki ya paa yanafaa)
- Bolti 6 za inchi 2 zenye kichwa bapa, pamoja na nati na washa kubwa
- Skrubu za mbao, za inchi 1 na nusu na za inchi 2 na nusu
- Kamba ya katani ya milimita 10, mita 70
- Gundi ya fundi viatu, ile ya njano kwenye kopo, lita 1
- Tina kidogo (ile ya kuyeyushia rangi), sabuni ya unga, brashi ngumu ya kufulia, msasa namba 60
- Brashi ndogo 2 za rangi za bei rahisi, maana zikishaingia gundi ndo basi tena
- Drili ya kuazima, bisbisi, futi, chaki, mkasi mkali, misumari midogo na nyundo

Kuhusu drili usinunue kwa ajili ya stuli moja. Peleka kazi kwa fundi seremala yeyote, kwa sisi wa Mwanza pale Mabatini au Igoma, akukatie duara na kutoboa matundu, mmalizane hapohapo.

## Hatua ya 1: Chagua tairi

Nenda kwa fundi pancha mapema asubuhi kabla hajapata kazi nyingi. Anza na "shikamoo fundi" hata kama umemzidi miezi miwili, mweleze unataka kipara la kutengenezea stuli, mara nyingi atakupa kwa hela ya soda maana kwake ni mzigo tu unajaza kibanda.

Watu wanadhani tairi zuri ni lile lenye kashata nzima, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Hapana, hapa kipara ndo bora. Kashata zikiwa ndefu kamba inagusa vilele tu, kwenye mifereji inaning'inia hewani, gundi haina pa kushika.

Kagua waya. Pitisha mkono taratibu, tena ukiwa umevaa glovu au umefunga kitambaa, kwenye kashata na kwenye ukingo wa ndani. Tairi lililoisha sana linaanza kutoa nyuzi za chuma, ni nyembamba huzioni ila zinachoma hadi damu. Likiwa na waya hata moja liache hapohapo, usijidanganye eti kamba itafunika.

Soma namba ubavuni. Ukikuta 175/70 R13 maana yake upana ni milimita 175, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya huo upana, na tundu la katikati ni inchi 13. Hilo likilala chini linakuwa na kimo cha kama sentimita 17 na nusu na upana wa kama sentimita 57. Yaani tairi moja linatoa stuli fupi, ya kuwekea miguu, ya mtoto au meza ya kahawa. Ukitaka kiti cha mtu mzima, panga tairi mbili za saizi moja, uzifunge pamoja kwa bolti, juu weka sponji, utapata kimo kama cha kiti cha kawaida. Hatua ni hizihizi tu.

## Hatua ya 2: Osha, kausha, kwangua

Hapa ndo wengi mnafeli. Tairi la gereji lina oili, lina vumbi la breki, na kama lilishang'arishwa kuna mafuta yake kabisa. Gundi haishiki mpira, inashika uchafu ulio juu ya mpira, uchafu ukibanduka na kamba inaondoka nao.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua ndani na nje, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mnaokaa karibu na ziwa naomba msiende kuoshea ziwani, ile oili inaingia kwenye maji tunayoyachota wenyewe. Oshea nyumbani kwenye beseni.

Halafu kausha siku nzima juani, ligeuze mara kadhaa maana maji yanajificha ndani ya kingo. Kipindi cha mvua lipe siku mbili. Hapa Mwanza asubuhi kuna unyevu wa ziwa, tairi unaliona kavu kumbe ndani bado.

Likishakauka chukua msasa namba 60, kwangua sehemu zote zitakazopokea gundi mpaka ule weusi wa kung'aa uishe na ubaki weusi uliofifia. Futa vumbi, kisha pitisha kitambaa chenye tina kidogo na uache ikauke.

Utajuaje umefanikiwa: pitisha kidole safi kwa nguvu. Kikitoka cheusi au kinateleza, rudia. Kikitoka safi na unahisi mkwaruzo, endelea.

Kabla hujaenda mbali toboa matundu 4 kwenye ubavu utakaokuwa chini. Tairi likituamisha maji ni nyumba ya mbu, na yule mbu wa dengi anapenda sana kuzaliana kwenye tairi. Toboa ubavuni tu, usitoboe kwenye kashata, kule kuna mikanda ya chuma, utavunja ncha ya drili na utatoa waya nje.

## Hatua ya 3: Mifuniko na nguzo

Laza tairi, pima upana wa juu kutoka bega hadi bega (ukingo wa nje wa tairi upande mmoja hadi wa pili), toa sentimita 4, huo ndo upana wa duara lako. Kwa tairi la mfano wetu duara linakuwa na sentimita 53 hivi. Kata mawili. Ukingo wa duara la juu ulainishe kwa msasa uwe wa mviringo, usiache kona kali maana kamba itakatikia pale.

Wengi wanaweka mfuniko wa juu peke yake wanazungusha kamba, wakikaa unazama katikati. Tairi bila upepo ni laini jamani, kazi ya kubeba uzito ilikuwa ya upepo. Kwa hiyo tunaweka nguzo.

Pima kutoka uso wa ubavu wa juu hadi uso wa ubavu wa chini, tairi likiwa limelala bila kubanwa. Kata vipande vitatu vya mbao kwa urefu huo huo, vyote vilingane. Vipange kwa umbo la pembetatu katikati ya duara la juu, ndani ya lile tundu la rimu, uvipige skrubu za inchi 2 na nusu ukitokea juu ya plaiwudi.

Sasa weka duara kwenye tairi, nguzo zikiingia tunduni. Toboa matundu 6 kuzunguka duara yapite plaiwudi na ubavu, ingiza bolti kutoka juu, ndani weka washa kubwa na nati, kaza, mkono wako ukipitia upande wa chini ambao bado uko wazi. Kwa nini bolti na sio skrubu? Kwa sababu ubavu wa tairi ni mwembamba na unacheza, skrubu inatanua tundu kidogokidogo mpaka inachomoka yenyewe. Kichwa cha bolti kizamishe kidogo kwenye plaiwudi kisisukume kamba.

Geuza, weka duara la chini, pigilia skrubu kwenye ncha za nguzo, kisha chache za inchi 1 na nusu kwenye ubavu. Toboa na hili duara matundu mawili matatu ya kupitisha maji.

Utajuaje umefanikiwa: simama juu yake kwa miguu miwili, ukiwa umeshika ukuta. Isizame, isilie, isiyumbe. Ikiyumba basi nguzo moja ni fupi, fungua urekebishe sasa hivi maana baadae huwezi tena.

## Hatua ya 4: Nunua kamba sahihi

Ukienda pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, utakuta kamba za kila aina, nzuri, ngumu, na zilizotumika za mitumbwini zinauzwa kwa kutupa. Inatamanisha sana. Ila nyingi ni za plastiki, na gundi ya fundi viatu haishiki kamba ya plastiki vizuri hata uipake mara tatu. Inashika siku mbili tatu unafurahi, af inaachia yote kwa mkupuo. Nusu ya picha ninazotumiwa ni hii kamba. Na ile iliyotumika, ukiacha gundi, harufu ya dagaa haitoki, utakaribisha wageni na paka.

Kujua kamba ni ya katani kweli, omba kipande kidogo uchome nje ya duka. Katani inawaka kama karatasi, inaacha majivu. Plastiki inayeyuka na kujikunja, inaacha tone gumu. Usimwamini muuzaji anayekwambia "hii ni katani ya kisasa, ni nyeupe kwa sababu imeoshwa". Choma kwanza.

Urefu unahesabiwa hivi. Mzingo wa tairi letu ni kama mita 1.8. Pembeni mwa stuli (pale penye kashata), ukijumlisha na unene wa mifuniko, unahitaji mizunguko kama 21 ya kamba ya milimita 10, hiyo ni mita 38. Juu kwa mduara wa konokono zinaenda mita 26. Jumla 64, ongeza ya akiba ufike 70. Kama juu utaweka sponji na kitambaa toa zile 26, zinatosha mita 45. Tairi mbili ongeza mita 32 nyingine.

Nunua kamba ya bunda moja siku moja. Katani hazifanani rangi, ukiongezea baadae utapata stuli yenye mkanda.

Ukifika nyumbani ianike juani nusu siku. Kamba yenye unyevu imevimba, ukiizungusha hivyo ikija kukauka inanywea, na mizunguko inaachana.

## Hatua ya 5: Elewa gundi

Gundi ya fundi viatu haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Mtazame fundi viatu yeyote akibandika soli: anapaka kote kuwili, anaweka pembeni, anapiga stori na mteja, ndo anakuja kubandika na kugonga nyundo. Zile stori ndo siri yenyewe. Inatakiwa ipakwe pande zote mbili, tairi na kamba, isubiri dakika 10 hadi 15, ikishafikia hali ambayo ukigusa kidole hainati tena ndo unabandika kwa kukandamiza. Ukibandika ikiwa mbichi unafungia maji ya gundi ndani, haitakauka vizuri, kamba itateleza.

Wanaotumia ile bunduki ya gundi ya moto: inafaa kwa maua na kadi. Stuli ikikaa barazani jua la saa 8 mchana likapiga mpira mweusi, ile gundi inalainika na kamba inashuka.

Onyo, na hili sio la kuruka: mvuke wa hii gundi na wa tina unawaka moto na unaumiza kichwa. Fanya kazi nje, kivulini, penye upepo. Pasiwe na jiko la mkaa, sigara wala koroboi karibu. Na watoto wakae mbali, kopo lifungwe kila unapomaliza kuchovya.

## Hatua ya 6: Zungusha

Anzia katikati ya mfuniko wa juu. Paka gundi duara la upana wa kiganja, paka na kamba kama mita 1, subiri. Pinda ncha ya kamba ijikunje yenyewe, ipigilie msumari mmoja mdogo, kisha anza kuzungusha ukienda nje, kila mzunguko uguse wa mwenzake. Paka kidogo, subiri, zungusha, paka tena. Usipake juu yote kwa mara moja, utachelewa na sehemu ya mwisho itakuwa imekauka kupita kiasi.

Ukifika ukingo wa plaiwudi utakutana na ngazi, pale mbao inapoishia na mpira unapoanza. Hapa ndipo kamba inapopenda kuinuka. Kabla hujashuka jaza ile ngazi kwanza kwa mzunguko mmoja au miwili ya kamba chakavu iliyopakwa gundi vizuri, igonge ikae, mteremko uwe laini. Kisha ndo upitishe kamba yako nzuri juu yake. Begani piga misumari midogo kwenye ukingo wa mbao kila baada ya kiganja kimoja, ifiche katikati ya nyuzi.

Pembeni mwa stuli sasa ni kazi ya kasi. Gundi kwa mizunguko mitatu mitatu. Vuta kamba iwe imekaza lakini usiivute kwa hasira, ukiivuta sana inapanda juu ya mwenzake. Kila mzunguko ukiisha isukume iende juu kwa mpini wa kijiko, ikae imebana. Ukiwa na mtu wa kukuzungushia stuli taratibu wewe ukishika kamba kazi inaenda haraka mara mbili.

Kamba ikikatika au ikiisha, usifunge fundo. Funga karatasi ya kunata (selotepu) kwenye ncha zote mbili, kata mshazari kwa kisu kikali, zikutanishe zilaliane, paka gundi, msumari kama kuna mbao. Viungo vyote viweke upande mmoja ili huo uwe mgongo wa stuli, unaoangalia ukutani.

Chini malizia kwa kuingiza mizunguko miwili chini ya duara la chini, ncha ipigilie misumari miwili kwenye mbao. Ncha isiachwe pembeni, itashikwa na miguu ya watu.

Utajuaje umefanikiwa: siku ya pili, sukuma kamba kwa dole gumba kwa nguvu kuelekea chini, sehemu kumi tofauti. Isisogee. Ikisogea mahali, weka alama ya chaki, tutarudi hapo.

## Hatua ya 7: Kunyoa na vanishi

Katani ina manyoya, inachoma mapaja. Nyoa kwa mkasi ukiulaza. Kuna watu wanapitisha kiberiti kuchoma manyoya, kwenye stuli iliyopakwa gundi ya petroli jana yake! Acha kabisa hiyo kitu, mkasi unatosha.

Vanishi sio lazima, ila kama stuli itakaa barazani paka mkono mmoja mwembamba, ikikauka paka wa pili. Inapunguza kunyonya maji na vumbi. Hata hivyo isiachwe mvuani, katani ikilowa mara kwa mara inaoza, hakuna vanishi ya kuzuia hilo.

Paka asubuhi. Mkipaka jioni na taa ya nje inawaka, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi watajibandika wote kwenye vanishi mbichi, na hawatoki, unabaki na stuli yenye vidoti.

## Hatua ya 8: Sponji, kwa wanaotaka

Kata sponji ya inchi 2 duara sawa na mfuniko, bandika kwa gundi ileile. Kitenge cha zamani au suruali ya jinzi ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja vinafaa, kata duara pana kuliko sponji kwa kiganja kila upande, vuta, pigilia misumari midogo ya kichwa kipana pembeni ya plaiwudi. Anza pande nne zinazotazamana, ndo ujaze katikati, la sivyo kitambaa kinapinda. Fanya hivi kabla ya kuzungusha kamba pembeni, ili mzunguko wa kwanza ufunike misumari.

## Ambao tayari stuli imebanduka

Usiivue yote. Zile sehemu ulizoweka chaki, inua kamba kwa bisbisi bila kuikata, kwangua gundi ya zamani kwenye mpira kwa msasa mpaka uone mpira wenyewe, futa na tina, acha ikauke. Kwenye kamba nako kwangua kidogo. Paka pande zote, subiri dakika zako 15, kandamiza, kisha funga juu yake mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli uikaze kuzunguka stuli nzima hadi kesho yake.

Ikiwa imebanduka zaidi ya nusu, au ulichoma kipande kikayeyuka ukagundua ni plastiki, hapo gundi haitakusaidia. Ivue, kamba itumie kuanikia nguo, na tairi lako bado ni zima, rudi hatua ya 2.